Mkopo usio na riba unapolipwa kwa kahawa mbichi

Kila ifikapo Februari, kahawa katika vibanja vya Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera huwa bado ni ya kijani. Mkulima ana miezi kadhaa mbele yake kabla ya kuchuma, kuanika na kupeleka maganda makavu kwenye chama cha msingi. Lakini ada ya shule haisubiri, dawa haisubiri, na deni la kikundi halisubiri. Huo ndio wakati wa mnunuzi wa butura kupita nyumba hadi nyumba, fedha taslimu mfukoni, akinunua kahawa ambayo bado iko mtini.

Butura ni neno ambalo mkazi yeyote wa wilaya hizi mbili analielewa bila kufafanuliwa. Mkulima anapewa fedha leo kwa ahadi ya kutoa kahawa wakati wa mavuno, kwa bei iliyokubaliwa leo. Bei hiyo huwa ni sehemu ndogo tu ya bei ya msimu. Viongozi wa mkoa na wilaya wamepiga marufuku biashara hii mara nyingi, lakini kila mwaka inarudi, kwa sababu shida inayoileta inarudi pia.

Upande wa pili wa maisha ya wakulima hao kuna mkopo wa halmashauri, ule unaojulikana kama mkopo wa asilimia 10. Hauna riba wala haudai hati ya nyumba, na umetungwa mahususi ili mwanamke, kijana na mtu mwenye ulemavu wa kijijini apate mtaji bila kwenda kwa mlanguzi. Kwa jinsi hiyo mkopo huu ungepaswa kuwa adui mkubwa wa butura. Hata hivyo, ukiangaliwa kwa makini, mkopo huo huo unaweza kumsukuma mkulima kwenye butura endapo tarehe za kurejesha fedha hazikupangwa kwa kufuata msimu wa mazao.

Fedha zinatoka wapi

Fikra ya halmashauri kuwakopesha wananchi wake si mpya. Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake ulianza mwaka 1993, na kwa miaka mingi halmashauri zilielekezwa kutenga asilimia 5 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya wanawake na asilimia 5 kwa ajili ya vijana. Tatizo ni kwamba yalikuwa maelekezo, hayakuwa sheria. Halmashauri iliyobanwa na matumizi mengine iliweza kuacha kutenga, na nyingi ziliacha.

Mwaka 2018 Bunge lilibadilisha hali hiyo. Kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka huo, kifungu cha 37A kiliongezwa katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na tangu hapo kutenga asilimia 10 ni wajibu wa kisheria. Mgawanyo wake ni asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kanuni zilizofuata mwaka 2019 ziliweka utaratibu wa kikundi kusajiliwa, kuwa na katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Awali kikundi cha wanawake au vijana kilitakiwa kuwa na watu wasiopungua 10. Marekebisho ya baadaye yalipunguza idadi hiyo na kumruhusu mtu mwenye ulemavu kukopa peke yake.

Ni muhimu kutofautisha fedha hizi na ruzuku. Wananchi wa vijijini wamezoea ruzuku za aina kadhaa. TASAF, iliyoanzishwa mwaka 2000, ilijenga madarasa na zahanati kwa nguvu za wananchi, na baadaye ikageukia kaya maskini. Programu ya Kuendeleza Sekta ya Kilimo, ASDP, iliyoanza kutekelezwa mwaka wa fedha 2006/07, ilipeleka fedha wilayani kupitia mipango ya maendeleo ya kilimo ya wilaya, maarufu kama DADPs. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ulipata sheria yake mwaka 2009. Katika yote hayo, mwananchi alichangia nguvu, mawe au mchanga, na fedha haikutakiwa kurudi.

Mkopo wa asilimia 10 unatakiwa kurudi. Kinachorejeshwa na kikundi cha Kaisho leo ndicho kitakachokopeshwa kikundi cha Mabira kesho. Kikundi kinachouchukua kama sadaka ya Serikali kinamnyima jirani yake zamu.

Je, halmashauri inapata wapi fedha hizo? Katika wilaya zisizo na viwanda vikubwa, jibu liko shambani. Chanzo muhimu cha mapato ya ndani ni ushuru wa mazao, na katika Karagwe na Kyerwa zao lenye uzito ni kahawa, hasa ya robusta. Tangu mwaka 2017 kiwango cha juu cha ushuru huo ni asilimia 3 ya bei ya shambani kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kabla ya hapo kilikuwa asilimia 5.

Kwa maneno mengine, mkulima wa kahawa ndiye anayejaza mfuko ambao mke wake, mwanawe au jirani yake anakwenda kukopa. Msimu ukiwa mzuri na kahawa ikapita kwenye vyama vya msingi, mfuko unajaa. Kahawa ikivuka mpaka usiku kuelekea Uganda, mfuko unapungua. Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, inapakana na Uganda na Rwanda, na kwa magendo hilo ni jambo la umbali mfupi tu.

Hesabu ya kikundi cha kitalu

Ili kuona jinsi kalenda inavyoweza kuharibu mkopo mzuri, tuchukue mfano wa hesabu. Si kikundi halisi, bali ni hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuirudia kwa bei za kijijini kwake.

Wanawake watano wa Nkwenda wanataka kuanzisha kitalu cha miche ya kahawa. Wazo ni zuri, kwani mibuni mingi ni ya zamani na inahitaji kubadilishwa. Halmashauri inawakopesha shilingi 6,000,000 mwezi Januari, bila riba, zirejeshwe kwa miezi 12 kuanzia Februari. Marejesho ni shilingi 500,000 kwa mwezi, yaani shilingi 100,000 kwa kila mwanachama.

Fedha inatumika kama ilivyoandikwa: viriba, udongo, kivuli, mabomba ya kumwagilia na vibarua. Lakini miche haiuziki mwezi Februari, wala Machi. Inahitaji miezi minane au zaidi kukomaa, na wateja wanaitaka mvua za vuli zinapoanza. Kabla ya Oktoba kitalu hakiingizi shilingi hata moja.

Marejesho ya Februari hadi Mei yatatoka wapi basi? Yatatoka nyumbani. Maharage ya msimu wa vuli, yanayovunwa Desemba na Januari, yameshaliwa na mengine kuuzwa kwa ajili ya ada. Mkungu mmoja mmoja wa ndizi hauwezi kufikisha shilingi 100,000 kila mwezi. Kinachobaki ni kahawa iliyo mtini.

Tuseme mnunuzi wa butura anatoa shilingi 1,000 kwa kilo ya maganda atakayopewa wakati wa mavuno, na bei ya chama cha msingi msimu ukifika ni shilingi 3,000. Ili kupata shilingi 100,000 ya Februari, kaya inaahidi kilo 100. Ikifanya hivyo kwa miezi minne, imepata shilingi 400,000 na kuahidi kilo 400, ambazo kwenye mizani ya chama zingelipwa shilingi 1,200,000. Hasara ni shilingi 800,000 kwa kaya moja, na kwa kaya zote tano ni shilingi 4,000,000.

Kwa hiyo mkopo wa shilingi 6,000,000 usio na riba umegharimu shilingi 4,000,000 kabla mche wa kwanza haujauzwa. Benki ambayo ingetoza asilimia 18 kwa mwaka juu ya mkopo wote ingechukua shilingi 1,080,000. Hata kama nusu tu ya marejesho hayo yangetokana na butura, gharama ingekuwa shilingi 2,000,000, karibu mara mbili ya riba ya benki hiyo.

Hasara haiishii kwa wanawake hao. Kilo 2,000 zilizokwenda butura zina thamani ya shilingi 6,000,000 kwa bei ya msimu. Zikivuka mpaka, halmashauri inakosa ushuru wa shilingi 180,000, na mfuko wa mikopo unakosa shilingi 18,000 ya asilimia 10 yake. Kwa kikundi kimoja ni fedha ndogo. Kwa vikundi vya kata nzima, halmashauri inakuwa inakusanya marejesho kwa mkono mmoja na kupoteza ushuru kwa mkono mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hiyo hailionyeshi. Katika vibanja vya Kagera, kwa desturi, kahawa huhesabika kuwa zao la mwanamume. Mwanamke hulima maharage, karanga na mahindi. Mkopo umeandikwa kwa jina la mwanamke, lakini mti unaouzwa butura ni wa mume. Marejesho yanapokwama, kinachotikisika si kikundi pekee, ni nyumba. Mjane au mwanamke asiye na kibanja chake hana hata hiyo kahawa ya kuahidi, hivyo ndiye wa kwanza kuacha kuja kwenye mikutano.

Kwa nini tarehe hazilingani

Marejesho ya kila mwezi yamezoeleka katika mikopo ya vikundi. Yalianza na taasisi ndogo za fedha zilizowakopesha wafanyabiashara wa mijini, watu wanaouza kila siku na kupata chochote kila jioni. Kwa mama lishe wa Kayanga au fundi cherehani wa Omurushaka utaratibu huo unafaa kabisa. Mashine ya kusaga nayo inaingiza fedha kila siku. Kwa kitalu, shamba la migomba au ufugaji wa nguruwe, haufai.

Sababu ya pili ni mwaka wa fedha wa Serikali, unaoisha tarehe 30 Juni. Halmashauri hutakiwa kuonyesha imekopesha kiasi gani na imerejeshewa kiasi gani kabla ya tarehe hiyo. Lakini mwishoni mwa Juni kahawa ya Karagwe na Kyerwa ndiyo kwanza ipo kwenye majamvi ya kuanikia. Vitabu vinafungwa wakati mkulima anafungua msimu wake. Ofisa anayedai marejesho mwezi Mei anatimiza wajibu wake, na mnunuzi wa butura anajua hivyo.

Sababu ya tatu ni uchungu wa yaliyopita. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kwa mwaka wa fedha 2021/22 ilionyesha kuwa zaidi ya shilingi bilioni 88 zilizokopeshwa na halmashauri nchini hazikuwa zimerejeshwa na vikundi. Aprili 2023 Serikali ilitangaza kusitisha mikopo hiyo ili kupanga utaratibu mpya. Ilipofunguliwa tena mwaka 2024, halmashauri 10 zilichaguliwa kufanya majaribio ya kukopesha kupitia benki, miongoni mwao Jiji la Dar es Salaam, Jiji la Dodoma, Nkasi, Siha na Bumbuli. Karagwe na Kyerwa hazikuwa katika orodha hiyo. Ziliendelea na halmashauri nyingine kwa utaratibu ulioboreshwa wa kamati na mfumo wa kielektroniki.

Baada ya hasara kubwa kama hiyo ni kawaida kwa mkopeshaji kubana zaidi na kudai mapema na mara nyingi. Lakini kubana kikundi hewa na kubana kikundi chenye kitalu cha kweli ni mambo mawili tofauti. Kikundi hewa hakitalipa hata kikipewa miaka mitano, na dawa yake ni kukikagua kabla ya kukikopesha. Kikundi cha kweli kitalipa, mradi kidaiwe wakati kina fedha.

Hesabu ile ile, tarehe nyingine

Turudi kwa wanawake wale watano. Mkopo ni ule ule wa shilingi 6,000,000, lakini mkataba unasema shilingi 2,000,000 zilipwe Julai kahawa ikishauzwa, na shilingi 4,000,000 zilipwe kufikia Desemba baada ya kuuza miche.

Mwezi Julai kila mwanachama anatakiwa kutoa shilingi 400,000. Kwa bei ya shilingi 3,000 kaya inahitaji kilo 134 za maganda, badala ya 400. Kahawa iliyobaki ni ya ada, ya bati na ya chakula. Desemba miche inalipa sehemu iliyobaki, na halmashauri inapata fedha yake yote mapema kuliko ratiba ya kwanza, ambayo ingefika Januari. Ilichofanya halmashauri ni kusubiri miezi michache ya mwanzo tu.

Yapo mashaka ya haki kuhusu mpango huu. Mkulima akipata fedha nyingi kwa mkupuo, wadai wengine nao huwa wanamsubiri, na sherehe za msimu zinafahamika. Kinga yake ipo. Kwa kuwa kahawa inauzwa kupitia vyama vya msingi vilivyo chini ya chama kikuu cha ushirika, KDCU, mwanachama anaweza kukubali kwa maandishi tangu mwanzo kwamba sehemu ya malipo yake ikatwe na kupelekwa kwenye akaunti ya kikundi. Makato hayo yawe ya hiari na ya kiasi kinachojulikana, kwani wakulima wa kahawa wamekwishachoshwa na makato wasiyoyaelewa. Aidha, chama kinachochelewesha malipo kinaua mpango mzima, kwa sababu kuchelewa huko ndiko kunakomrudisha mkulima kwa mlanguzi.

Shaka jingine ni bei. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya kahawa duniani ilianguka vibaya hata wakulima wengine wakang'oa mibuni. Mwaka 2024 robusta ilifikia bei ya juu kupindukia katika soko la London. Mkopo unaotegemea zao moja unapanda na kushuka na zao hilo, na migomba nayo imeonyesha hatari zake tangu ugonjwa wa mnyauko ulipoingia Kagera katikati ya miaka ya 2000. Ndiyo maana si busara kuandika mkataba unaotegemea kahawa pekee. Hata hivyo, bei inapopanda ndipo hasara ya butura inapokuwa kubwa zaidi, kwa kuwa mkulima alishafunga bei yake miezi mingi nyuma. Redio ya jamii ya FADECO iliyoko Karagwe inawafikia wakulima wengi. Tofauti kati ya bei ya butura na bei ya chama ikitangazwa mara kwa mara, mkulima atajua anachokitoa.

Yanayoweza kufanyika

Mambo kadhaa hayahitaji sheria mpya wala fedha za wafadhili.

Kwanza, kikundi kiandike kalenda ya fedha katika andiko la mradi. Ukurasa mmoja unatosha: miezi 12, fedha inayotoka na inayoingia kila mwezi. Mwezi usio na mapato uonekane wazi kabla mkataba haujasainiwa, si baada ya deni kukwama.

Pili, Ofisa Maendeleo ya Jamii akae na Ofisa Ugani wa kata wakati wa kupitia maombi. Wa kwanza anajua vikundi, wa pili anajua miche inakomaa lini na nguruwe anauzika akiwa na umri gani. Ratiba ya mashine ya kusaga na ya kitalu zisitoke katika karatasi moja.

Tatu, kikundi kichanganye shughuli. Wenye kitalu wanaweza kutenga sehemu ndogo ya mkopo kununua maharage wakati wa mavuno na kuyahifadhi katika mifuko ya kinga njaa, wayauze taratibu bei inapopanda. Faida yake si kubwa, lakini inaweza kulipa angalau marejesho madogo ya miezi mikavu na kuufanya mkutano wa kikundi uwe na jambo la kuhesabu.

Nne, halmashauri ipange kutoa mikopo kwa kufuata msimu. Ushuru wa kahawa huingia zaidi katika nusu ya kwanza ya mwaka wa fedha. Mikopo ya kilimo ikitoka Septemba, kabla ya kupanda, inamkuta mkulima akiwa na mvua mbele yake. Ikisubiri Mei inamkuta akiwa na deni la butura, na fedha ya mradi inaishia kulipa deni hilo.

Tano, wanachama wenyewe wakubaliane kwamba mtu aliyekwama aseme kikundini kabla ya kwenda kwa mlanguzi. Wengi wao wanatoka katika VICOBA vyenye mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Kuupanua kidogo mfuko huo ili umkopeshe mwenzao marejesho ya mwezi mmoja ni rahisi kuliko kulipa kilo 100 za kahawa kwa shilingi 100,000.

Kisheria mkopo wa asilimia 10 hauna riba. Kibandani kwa mkulima riba yake inahesabiwa kwa maganda ya kahawa, na anayeipokea si halmashauri. Mkataba unaofuata mvua na mavuno utaziacha fedha hizo zibaki Nkwenda, Kaisho, Nyaishozi na Bugene, kwa watu waliozitoa tangu mwanzo kupitia ushuru wa kahawa yao.